Mjadala: Picha za kanisani zilizofutwa enzi za udikteta zifichuliwe, zichorwe upya, au ukuta uachwe ulivyo?

MLETA MADA

Habari zenu ndugu zangu. Najua hoja hii itatugawa, lakini naileta kwa sababu naiamini. Picha ya kanisani ikifutwa au kupakwa rangi juu yake kwa kuwa wakubwa wa wakati ule hawakuipenda, halafu wakubwa wale wakaondoka, walioachiwa ukuta ule wana deni. Tujadili deni hilo ni la nani na linalipwaje.

Nianzie Arantzazu. Ni patakatifu pa Bikira Maria juu milimani, karibu na mji wa Oñati, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1950 liliitishwa shindano la kujenga basilika mpya mahali hapo panapotunzwa na Wafransisko, wakashinda wasanifu wawili, Francisco Javier Sáenz de Oiza na Luis Laorga. Kazi za sanaa walikabidhiwa watu waliokuwa wakitafuta njia mpya: Jorge Oteiza achonge sanamu za uso wa kanisa, Eduardo Chillida atengeneze milango ya chuma, na Néstor Basterretxea achore kuta za kripta, yaani kanisa dogo lililo chini ya basilika.

Basterretxea alizaliwa Bermeo mwaka 1924. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomwingiza Franco, dikteta wa Hispania, madarakani viliifukuza familia yake nchini, akapitia Ufaransa, kisha Argentina. Alirudi nyumbani mwaka 1952, na kripta ile ilikuwa kati ya kazi zake kubwa za kwanza baada ya kurudi. Alichora kwa mtindo wa karne yake, bila kuiga picha takatifu za zamani.

Tukumbuke hewa waliyokuwa wakiivuta. Mwaka huo huo wa 1952 Ofisi Takatifu ya Roma, idara ya Vatikano ya kulinda mafundisho, ilitoa maagizo ya kuwaonya maaskofu kuhusu sanaa inayokwenda kinyume na mapokeo ya Kanisa. Mwaka 1953 serikali ya Franco ilitiliana saini mapatano na Vatikano, na dola na Kanisa vikashikana mikono hadharani. Kibaski kilikuwa kimesukumwa nje ya shule na ofisi. Kazi ya Arantzazu ikasimamishwa, shauri likapelekwa kwa tume ya sanaa takatifu huko Roma, na mwaka 1955 jibu likawa hapana. Mitume 14 wa Oteiza, mawe mazito ambayo kazi yake haikuwa imekwisha, walilala kando ya barabara miaka na miaka. Michoro ya Basterretxea ilifutwa.

Sanamu zilipona. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia, mambo yalilegea, na mwaka 1969 mitume walipandishwa mahali pao, ambapo wapo hadi leo. Jiwe linaweza kunyeshewa likasubiri. Picha ya ukutani haisubiri namna hiyo. Basterretxea alirudi kwenye kripta ile ile katika miaka ya 1980, Franco akiwa amekufa tangu 1975, akachora upya, lakini alichora picha nyingine. Humo yumo Kristo mfufuka, mkubwa, mwekundu kabisa. Ni kazi yenye nguvu na mimi naiheshimu sana. Hata hivyo ile ya kijana aliyetoka uhamishoni hakuna atakayeiona tena.

Msimamo wangu basi. Kama chini ya rangi bado ipo kazi ya asili, ifichuliwe hata ikiwa na majeraha, na majeraha hayo yasizibwe kwa kubahatisha. Kama hakuna kilichobaki, mtu asichore nakala kwa kuangalia picha za kamera kisha akatuambia kazi imerudi. Na nyumba iliyofuta isiachiwe kuamua peke yake. Karibuni.

MCHANGIAJI, KATEKISTA, MOROGORO

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu mleta mada. Umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila kuna mtu umemsahau katika maelezo yote hayo, naye ni yule anayepiga magoti mbele ya ukuta huo kila Jumapili. Umetaja Franco, Roma, wasanifu na wachoraji. Mwamini hayumo.

Nami nina kisa changu. Pale Brasília, mji mkuu wa Brazili, kati ya mitaa ya makazi ya 307 na 308 Kusini, kuna kanisa dogo la Mama Yetu wa Fatima. Wenyeji wanaliita Igrejinha. Alilisanifu Oscar Niemeyer, likafunguliwa mwaka 1958 kabla jiji lenyewe halijazinduliwa, kwa nadhiri ya mke wa Rais Kubitschek aliyekuwa amemwombea binti yake afya. Vigae vya nje, vya njiwa na nyota, ni vya Athos Bulcão. Ndani alichora Alfredo Volpi, mchoraji mkubwa kweli kweli wa Brazili, akajaza kuta vibendera vidogo kama vile vinavyotundikwa kwenye sikukuu za Juni za watakatifu wao. Katika miaka ya 1960 picha zile zilifunikwa kwa rangi.

Haraka mtu atasema ni jeshi, maana jeshi lilipindua serikali mwaka 1964. Lakini wanaosimulia kisa hiki hutaja zaidi waamini ambao hawakuzipenda kuliko amri ya mwanajeshi yeyote. Sasa hapo tufanyeje? Mwamini aliyesema "mimi vibendera hivi vinanivuruga katika sala" tumweke kundi moja na polisi wa siri?

Na kuna la pili. Ulipofika ukarabati wa 2009 ikaonekana kazi ya Volpi haiwezi kurudishwa. Akaitwa Francisco Galeno, mchoraji anayemheshimu Volpi, akachora kazi yake mwenyewe: rangi kali, tiara za watoto, na Bikira Maria asiye na sura usoni. Waparokia wakalalamika sana. Picha zikabaki. Ndugu yangu, hao waliolalamika walikuwa wanaishi katika demokrasia, na bado hawakusikilizwa. Kwa hiyo mimi nasema tuwe waangalifu tunapogawa makosa. Kanisa ni nyumba ya sala kwanza. Makumbusho yana kuta zake.

MCHANGIAJI, FUNDI WA UHIFADHI WA MICHORO, URENO

Wakuu, niingie kwa upande wa mikono, maana maneno "ifichuliwe" na "haiwezi kurudishwa" yanatumika hapa kama vile ni uamuzi wa mkutano. Mara nyingi ni ukuta wenyewe unaoamua.

Kama mchoraji alifanya fresko halisi, alipaka rangi ya unga iliyolowekwa kwa maji juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ile inapokauka hunyonya hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na rangi inabaki imefungwa ndani yake. Picha ya namna hiyo mtu akiipaka chokaa au rangi ya kawaida juu, anaificha tu. Lakini kama mchoraji alipaka juu ya plasta iliyokwisha kukauka, kwa gundi, kwa yai au kwa mafuta, basi rangi ya juu na ya chini zinashikana, na dawa inayoyeyusha ya juu inaweza kuyeyusha na ya chini. Hapo ndipo unaweza kushinda wiki nzima kwenye jukwaa kwa ajili ya eneo la ukubwa wa kiganja. Tena wapo waliofunika ambao kwanza walikwangua au kupiga msasa ili rangi mpya ishike vizuri. Huyo hakufunika, huyo aliua.

Kwa hiyo kazi haianzi kwa kubandua. Inaanza kwa taa iliyolazwa ubavuni mwa ukuta ili uone mikunjo na mikwaruzo, kwa kamera za infraredi, na kwa vidirisha vidogo vinavyofunguliwa kwa kisu cha upasuaji, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka likiandikwa. Ukifungua vidirisha vya kutosha unajua picha imebaki kiasi gani kabla hujamwahidi mtu chochote.

Kisa ninachowaletea si cha kanisa, ila ni cha udikteta usio na utata wowote. Mjini Porto kuna sinema ya Batalha, iliyosanifiwa na Artur Andrade na kufunguliwa mwaka 1947. Júlio Pomar, aliyezaliwa 1926, alipewa kuta achore fresko za sherehe za Mtakatifu Yohane, sikukuu kubwa kuliko zote za mji ule, watu wakicheza barabarani usiku. Kabla hajamaliza, PIDE, polisi wa siri wa Salazar, dikteta wa Ureno, walimkamata na kumfunga. Alipotoka akamaliza. Mwaka 1948 ikatoka amri, kuta zikapakwa rangi. Utawala huo ndio uliokuwa unaitawala Msumbiji, na ulianguka Aprili 1974. Sinema iliendelea, ikachakaa, ikafungwa, na watu wengi walikwisha kuamini kwamba picha zimepotea. Halmashauri ya jiji ikalichukua jengo, ukarabati ukafanyika, na Desemba 2022 lilipofunguliwa tena fresko zilikuwa hapo, zinaonekana. Pomar alikufa 2018. Hakuziona.

Nimesimama mbele ya ukuta ule. Una madoa, una sehemu zilizokwenda, na wachezaji wa Mtakatifu Yohane wametokea katikati ya madoa hayo wakiwa bado wanacheza. Katekista, kwa heshima yote, pale sikuona makumbusho. Niliona mtu aliyenyamazishwa akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu akimaliza sentensi yake.

MCHANGIAJI, MWALIMU WA HISTORIA, NAIROBI

Asante sana kaka fundi. Mimi nitauliza kinyume chenu wote wawili: je, ile rangi ya juu yenyewe si hati ya historia?

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi duniani kote wanaufuata, unasema katika kifungu cha 11 kwamba michango halali ya zama zote katika jengo iheshimiwe, na kufichua tabaka la chini kunakubalika katika hali za pekee tu, pale kinachoondolewa kina thamani ndogo na kinachofichuliwa kina thamani kubwa. Kifungu cha 9 kinasema urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza. Mleta mada amekishika hicho cha 9 vizuri. Cha 11 amekipita.

Sisemi chokaa ya polisi ni mchango halali. Nasema ni ushahidi. Ukuta ukisafishwa wote ukang'aa, mtoto wa shule atakayeletwa pale mwaka 2060 ataona picha nzuri na hataona kilichofanyika. Mimi ningeacha kipande cha rangi ile, kikubwa cha kuonekana kutoka mlangoni, pembeni mwa picha iliyofichuliwa, na maneno mafupi yanayotaja mwaka na aliyetoa amri.

Halafu nimkubalie katekista jambo moja, kwamba tusiwatwike madikteta kila kitu. Mwaka 1951, katika Ufaransa huru, Msalaba wa mchongaji Germaine Richier uliondolewa altareni katika kanisa la Assy kwa amri ya askofu, kwa sababu Kristo wake alionekana amechakaa mno, hana hata umbo la uso. Baadaye ulirudishwa. Na Brazili hiyo hiyo, kanisa la Mtakatifu Fransisko la Pampulha lilikamilika 1943 chini ya udikteta wa Getúlio Vargas, na serikali ndiyo iliyolijenga. Walioligomea ni viongozi wa Kanisa, na ibada hazikuruhusiwa humo hadi 1959. Mojawapo ya malalamiko ilikuwa michoro ya mchoraji Portinari, ambaye kando ya Fransisko aliweka mbwa mahali pa mbwa mwitu wa visa vya mtakatifu huyo. Kwa hiyo dikteta mmoja anafuta na mwingine anajenga. Tofauti ninayoiona mimi ni ya baadaye. Pale Assy watu waligombana hadharani, waliandika magazetini, wakabishana na askofu wao, na ugomvi ule ndio uliourudisha Msalaba. Chini ya Franco au Salazar, aliyeamriwa kufuta alifuta, na aliyetaka kuuliza alijua gharama ya kuuliza.

MCHANGIAJI, BUKAVU

Ndugu zangu, mnaongea juu ya ukuta, juu ya waamini na juu ya mikataba. Mchoraji anasemaje? Basterretxea alikuwa hai. Angeweza kuichora tena ile ya kwanza kwa kumbukumbu. Hakutaka. Alichora kama mzee wa miaka karibu sitini aliyeona mengine. Hilo ni jibu, tena ni jibu la mwenye mali.

Kule Ujerumani malaika anayeelea wa mchongaji Ernst Barlach, ukumbusho wa waliokufa vitani katika kanisa kuu la Güstrow, aliondolewa na Wanazi mwaka 1937 na kuyeyushwa. Rafiki zake walitengeneza mwingine kwa siri kutoka kwenye kalibu ileile, wakamficha, na leo yuko katika kanisa mjini Köln, na Güstrow nao walipata wa kwao tena mwaka 1953. Yule ni malaika wa Barlach kweli kwa sababu shaba ina kalibu. Ukuta hauna kalibu. Naunga mkono: pasipobaki kitu, asiigize mtu mkono wa marehemu.

MLETA MADA

Nashukuru kwa michango mizito. Nijibu kwa mpangilio wa uzito, nikianza na katekista, kwa sababu swali lake ndilo linalonikosesha usingizi.

Hapana, mwamini asiyependa vibendera si polisi wa siri. Ana haki ya kutopenda. Ana haki ya kusema, kuandika kwa askofu, kwenda kusali kanisa jingine. Lakini kutopenda kwangu hakunipi haki ya kukifanya kitu kisipatikane kwa watakaokuja baada yangu. Pazia lingetosha. Picha ya Volpi ingefunikwa kwa kitambaa mwaka ule, leo waparokia wa Brasília wangekuwa na kitu cha kubishania. Kilichowapata ni kwamba wazazi wao walimaliza ubishi kwa ndoo ya rangi, na wao wakaletewa mchoraji mwingine.

Tena Kanisa lenyewe linasema hivyo. Mtaguso, katika hati ya liturujia ya 1963, ulitamka kwamba Kanisa halikuchukua mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Kanuni ya 1189 ya Sheria ya Kanisa inakataza picha za thamani, kwa ukale, kwa sanaa au kwa heshima zinayopewa, kukarabatiwa bila ruhusa ya maandishi ya askofu, naye kabla ya kuitoa lazima awaulize wataalamu. Kama kuikarabati tu kunahitaji yote hayo, kuifuta kunahitaji nini? Sidai waamini waondolewe kwenye meza. Nadai wakae mezani pamoja na wataalamu na pamoja na familia ya mchoraji kama ipo, na kura ya upande mmoja isitoshe kuua picha.

Mwalimu wa Nairobi, kipande cha rangi kiachwe, nakubaliana nawe kabisa. Ila kiwe kidogo. Nakataa kumpa mfutaji nafasi sawa na mchoraji kwenye ukuta uleule. Yeye alikwisha kuwa nao wote kwa miaka sabini pale Porto.

Na jambo moja la Arantzazu ambalo mtu wa Kiswahili hawezi kulipita. Mwaka 1968, mitume wakiwa bado hawajapandishwa na Franco akiwa bado anatawala, Akademia ya lugha ya Kibaski ilikutana mahali hapohapo na kuweka misingi ya Kibaski sanifu. Sisi tunajua usanifishaji wa lugha ni kazi ya namna gani, na jinsi ulivyo mchungu kwa wenye lahaja zao. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ukuta ule haukuwa wa mapambo. Watu ambao lugha yao ilisukumwa nje ya shule na ofisi walikuwa na sehemu milimani ambapo waliweza kukutana, na hapohapo ndipo wasanii wao walipofutiwa picha. Ukimwambia Mbaski kwamba suala la kripta ni la ladha tu, utakuwa umemwambia neno zito.

MCHANGIAJI, KATEKISTA, MOROGORO

Hoja ya pazia nimeipokea. Ni kweli, kitambaa kingetosha.

Lakini bado sijajibiwa kuhusu muda. Tuseme picha ilifunikwa 1955 na mnataka kuifichua leo. Katikati hapo pamepita miaka sabini. Watu wamebatizwa mbele ya ukuta mweupe, wamefunga ndoa, wamewaweka marehemu wao hapo wakiwaaga. Weupe ule hawakuuomba, ni kweli, na huenda hata hawajui nani aliuleta. Ila ni wao sasa. Mama wa miaka themanini akiingia Jumapili akakuta ukutani umati wa watu waliochorwa kwa pembe pembe asiowajua, mtamwambia amepewa uhuru? Mimi ndiye nitakayekaa naye kwenye benchi baada ya Misa, si mwalimu wa Nairobi.

Pia naomba tusiwasahau walioshika brashi. Yule fundi wa kijijini au bruda wa utawani aliyeambiwa apake, akapaka. Katika maneno mafupi ya ukutani mnayoyataka, atajwe nani? Aliyeamuru, au aliyetii?

MCHANGIAJI, MWALIMU WA HISTORIA, NAIROBI

Aliyeamuru. Aliyetii sina haja ya jina lake ukutani, liwe kwenye faili kama lipo, kwa watafiti. Na kama faili halina aliyeamuru, maandishi yaseme hivyo pia, kwa sababu tawala za namna hiyo zilipenda amri za mdomo.

Kuhusu mama wa miaka themanini: mimi nisingependa akute picha ghafla hata siku moja. Aitwe kabla. Huenda yeye ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye alikuwa msichana wa miaka kumi wakati ukuta ule bado una picha, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

MCHANGIAJI, FUNDI WA UHIFADHI WA MICHORO, URENO

Hilo la mwalimu naliunga mkono kikazi kabisa. Tunapoanza jengo lolote, wazee wa eneo huwa wanatueleza mambo ambayo kamera haituelezi: kwamba upande wa kushoto palikuwa na samaki, kwamba rangi ilimwagwa na vijana wawili kwa siku moja. Unajua pa kufungua kidirisha cha kwanza.

Kwa katekista nina pendekezo ambalo fundi yeyote makini angelikubali. Usifungue ukuta wote. Fungua mita moja ya mraba, mahali ambapo vidirisha vimeonyesha picha ni nzima, kisha simama. Iache pale mwaka wa liturujia mzima, tangu Majilio hadi Kristo Mfalme, watu wasali nayo, wakasirike nayo, wamlete padri wao mbele yake na kumuuliza. Gharama yake ni ndogo na haijafunga mlango wowote: rangi ya juu iliyobaki itakuwa bado ipo. Sehemu zilizopotea ndani ya mita ile zijazwe kwa mistari myembamba ya wima, ile njia waliyoianzisha Cesare Brandi na wenzake Roma, ambayo kwa mbali jicho linaiunganisha na ukisogea unaona wazi kipi ni cha mchoraji na kipi ni cha fundi. Baada ya mwaka huo mkutano uitwe. Ukiamua kuendelea, tunaendelea. Ukiamua kusimama, mita moja inabaki na ukuta mwingine unabaki umelala salama chini ya rangi, hadi wajukuu wao waamue.

MCHANGIAJI, KATEKISTA, MOROGORO

Mwaka mmoja wa liturujia, na mama aitwe kabla. Hapo tunaelewana. Ila kwenye mkutano huo wa mwisho nataka waamini wawe nusu ya kura, na mleta mada bado hajasema kama anakubali nusu.

MLETA MADA

Nusu ya kura katika kuamua kuendelea, nakubali. Katika kuamua kufuta ile mita moja, sikubali hata wakiwa wote.